Ndege ya Najmo Isiyo na Mkia

Graham Tolley alikuwa mtu mpole sana, na kwa sababu ya upole wake Najmo alichukua dakika nzima kuelewa kwamba anakatazwa.

Walikuwa ndani ya kibanda cha klabu, pembeni ya malisho ya mkulima mmoja nje kidogo ya Sutton Coldfield, Jumapili moja ya Julai mwaka 2019. Graham alikuwa mwenyekiti wa klabu hiyo ya ndege za rimoti kwa miaka kumi na minne. Alimmiminia Najmo chai kwanza. Akamuuliza habari za kazi. Kisha akasema kwamba kamati imezungumza, na kwamba siku ya wageni, mwezi Septemba, ingekuwa vizuri kama angeleta ile ndege yake nyeupe isiyo na injini, ambayo kila mtu anaipenda.

"Nitaleta ile nyeusi," Najmo alisema.

"Hiyo nyeusi ndiyo tuliyoizungumzia." Graham alikoroga chai ambayo haikuwa na sukari. "Haina mkia, Najmo. Nimeanza kurusha ndege nikiwa na miaka tisa. Kitu kama kile kikiyumba juu ya vichwa vya watu, hakuna wa kukirudisha. Na isitoshe, tangu zile droni zifunge uwanja wa ndege wa Gatwick, Krismasi iliyopita, watu wana wasiwasi. Kuna mtu ametuandikia. Anasema ndege ya kivita ya siri, kwa mtu kama... kwa mtu yeyote, inaweza kutuletea polisi."

"Mtu kama nani?"

"Nimesema mtu yeyote."

Nyuma ya bega la Graham, juu ya rafu ndefu, ilikuwepo Lancaster yake, mfano wa ndege ya mabomu ya Waingereza ya Vita vya Pili vya Dunia, mota nne, tumbo lenye milango inayofunguka kwa kubonyeza kitufe. Kila mwaka siku ya wageni aliitumia kudondosha mifuko midogo ya unga na watoto wakashangilia. Najmo aliinyooshea kidole.

"Na hiyo? Haijawahi kuwaletea polisi?"

"Hiyo ni historia."

Najmo aliweka kikombe chini kabla hajakimaliza. "Basi niandikieni barua," alisema. "Uamuzi wa kamati, na kanuni mliyoitumia. Nikishaisoma nitajua la kufanya." Akatoka.

Najmo Dagane alikuwa na miaka arobaini na mitatu. Alizaliwa Isiolo, akaondoka Kenya akiwa na miaka kumi na tisa kwenda Uholanzi, na huko Utrecht akajifunza kazi ya kutengeneza miguu na mikono ya bandia. Mwaka 2006 alihamia Birmingham kumfuata kaka yake Mubarik, kama walivyofanya Wasomali wengi wa Uholanzi. Aliishi peke yake Acocks Green, kwenye nyumba yenye gereji ambayo haikuwahi kuingizwa gari. Siku za kazi alikuwa karakana, akipima mapaja yaliyokatwa, akimwaga plasta, akitandika nyuzi za kaboni na gundi juu ya kalibu mpaka zikauke na kuwa mguu mwepesi wa kubebwa kwa vidole viwili.

Karakana ndiko alikokutana na Mzee Kuldip. Kisukari kilikuwa kimemchukua mguu wa kushoto chini ya goti, na siku ya kwanza ya kujaribu mguu mpya alinung'unika peke yake, akidhani hakuna anayemwelewa, "Mama yangu, hii kitu inafinya!"

"Inafinya wapi, mzee?" Najmo alimuuliza kwa Kiswahili.

Mzee aliinua kichwa. Akamtazama huyu mwanamke mrefu mwenye hijabu ya kijivu na mikono iliyojaa plasta, akacheka mpaka akajifuta machozi. "Mimi ni Kalasinga wa Kisumu," alisema. "Kondele kabisa. Wewe je?" Tangu siku hiyo akawa anamwita fundi. Alikuwa amefanya kazi miaka ishirini na sita kwenye kiwanda cha magari cha Longbridge mpaka kilipofungwa. Sasa pale alipokuwa akisimama na nyundo yake pamejengwa duka kubwa, naye hununua hapo maziwa na mkate. Ndege za rimoti ndizo zilizomshika akili baada ya hapo. Mwaka 2014 alimchukua Najmo klabuni amwone akirusha, na Najmo hakurudi nyuma tena.

Ile nyeusi ilikuwa na kisa chake. Juni ya mwaka 2017 Najmo alikuwa anampelekea mgonjwa mguu wake kule Gloucestershire, na njia ikapita karibu na kambi ya ndege ya Fairford. Kitu cheusi kilitokea juu ya miti. Kilikuwa kipana na bapa, bila mkia, bila kiwiliwili, ukingo wa nyuma umekatwa kama meno ya msumeno, na hakikuwa na sauti. Kilipokwisha kupita ndipo ngurumo ilipofika na gari likatetemeka. Najmo alisimama kando ya ukuta wa mawe, akashuka, mguu wa mgonjwa ukabaki kwenye kiti cha abiria umefungwa mkanda.

Jioni yake alisoma kila alichokipata. Ni ndege ya Wamarekani ya kudondosha mabomu, iliyoundwa ili rada isiione. Mabawa yake ni mita hamsini na mbili. Ndani hukaa watu wawili tu. Januari ya mwaka ule ule mbili kati yake zilitoka Marekani mpaka Libya, zikashusha mabomu, zikarudi nyumbani. Najmo aliyasoma yote na hakujificha nayo. Lakini jambo lililomkalia kichwani ni lile aliloliona kwa macho: mkia ndio unaoishika ndege isiyumbe, kila kitabu kinasema hivyo, na hii isiyo nao ilikuwa imempita kichwani imetulia kama sahani juu ya meza.

"Inawezaje, mzee?" alimuuliza Kuldip.

"Kompyuta. Na pesa. Wewe huna hata moja."

"Nina kaboni."

Aliijenga kwa ukubwa wa moja kwa ishirini, mabawa mita mbili na nusu na zaidi kidogo. Alikata sponji ngumu, ile inayofungiwa televisheni mpya, kwa waya uliopashwa moto, akaivika kaboni kama anavyovika mguu, akaficha feni mbili za umeme ndani ya mgongo. Ya kwanza iliruka sekunde nne, ikapinduka, ikajichimbia kaburi lake kwenye matope ya Machi. Ya pili ilikufa kwenye uzio wa ng'ombe. Ya tatu, ile nyeusi, ilikuwa na kifaa kidogo cha kusawazisha cha bei ya viatu vya shule, na hiyo ilipaa. Ilipinda, ikapita chini, ikapita juu, wenzake klabuni wakaacha kula wakaitazama.

Tatizo lilikuwa kutua. Ndege ya namna hii inaongozwa kwa vibao vilivyo kwenye ncha za mabawa. Kila kibao kinafunguka juu na chini kwa pamoja, kama mdomo. Ukifungua cha kulia, hewa inakamata upande wa kulia na pua inageukia huko. Mwendo ukiwa mkali vilifanya kazi vizuri. Mwendo ukipungua, pua ilianza kwenda kushoto na kulia kama mlevi anayetafuta mlango, na kila Najmo alipofungua kibao, kilichelewa kukamata. Mwezi Juni iliwahi kupita hatua kumi tu kutoka pale alipoketi mke wa mwanachama mmoja. Hilo ndilo lililomuuma zaidi alipotoka kibandani siku ile. Kwa habari ya kutua, Graham hakuwa amekosea.

Barua haikuja wiki ile, wala iliyofuata.

Katikati ya Agosti kaka yake Mubarik alikuja kurudisha ngazi aliyoazima. Mubarik alikuwa fundi wa lifti, mtu wa miaka hamsini, asiyependa maneno mengi. Wao wawili walizungumza Kisomali siku za kawaida, lakini ugomvi wao tangu utotoni ulikuwa wa Kiswahili, Kiswahili cha mitaa ya Isiolo, na Najmo alipomsikia akianza kwa Kiswahili pale kwenye mlango wa gereji alijua kinachokuja.

"Hii ndiyo ile watu wanayosema?"

"Ndiyo yenyewe."

"Unajua kazi yake hii?"

"Naijua kukushinda."

Mubarik hakuingia. Alisimama na ngazi begani, akiitazama ile nyeusi juu ya meza. "Abdirahim alikuwa nyuma ya ng'ombe wake," alisema.

Abdirahim alikuwa mtoto wa mjomba wao. Mwaka uliotangulia, karibu na Jamaame, katika nchi ya Wasomali, kombora lilishuka kutoka angani likamkuta malishoni. Redio ilisema wameuawa wapiganaji kadhaa. Hakuna aliyewahi kukiri kwamba ndiye aliyelirusha, na hakuna aliyewahi kumtaja Abdirahim. Ndugu walizika walichokipata.

"Haikuwa ndege hii, kaka."

"Unajuaje?"

"Nasikia ilikuwa ile isiyo na rubani. Lakini sijui. Hakuna anayejua, hawajatuambia."

"Basi ichome. Leo. Nitakusaidia kuitoa nje."

"Siichomi."

"Najmo, unatutia aibu. Watu wanauliza, dada yako ana nini na hawa Wamarekani?"

"Sikiliza." Najmo alivua glavu zake. "Klabuni wanasema mtu kama mimi akiwa na ndege hii ataleta polisi. Wewe unasema mtu kama mimi akiwa nayo ni msaliti. Nyote mmemweka huyo mtu kama mimi kichwani mwenu mnazungumza naye. Mimi hapa hakuna aliyeniuliza kitu."

"Haya, nakuuliza. Kwa nini?"

Najmo aliziweka glavu juu ya meza. Jibu alikuwa nalo siku nyingi, lakini lilikuwa halijapata kutoka mdomoni.

"Jumanne nilimpima askari wa Kiingereza aliyekanyaga bomu vitani kule Helmand," alisema. "Jumatano nikampima mama wa Aleppo aliyeangukiwa na nyumba yake. Mkanda wa kupimia ule ule, kaka. Mwaka wa ishirini huu niko upande ule ambako mabomu yameshafika. Na kile kitu kiliponipita kichwani kule Fairford nilitetemeka, na nikakipenda. Vyote viwili. Wanataka kikipita tuinamishe vichwa. Mimi nataka kujua kinashikwa na nini kule juu. Wakiwa wao peke yao ndio wanaojua, sisi kazi yetu itabaki kuwa chini tu."

Mubarik aliegemeza ngazi ukutani, polepole, kama mtu anayelaza kitu kilicho hai. Akaondoka bila kuaga.

Wiki ile Najmo alichukua rangi nyeupe na brashi nyembamba. Alikuwa amesoma kwamba zile halisi, karibu zote, zina majina, jina la jimbo limeandikwa kwenye mlango wa magurudumu. Aliigeuza ndege yake chali juu ya blanketi, na kwenye tumbo, toka upande hadi upande, kwa herufi zenye urefu wa kiganja, akaandika ABDIRAHIM.

Mwisho wa Agosti Kuldip alimpigia simu akiwa kazini. "Fundi, zimekuja! Tatu. Ziko Fairford."

Najmo aliomba ruhusa ya Alhamisi. Walishuka na barabara kuu ya kusini asubuhi, Mzee na kiti chake cha kukunja, chupa ya chai ya tangawizi na mkate wa mayai uliofungwa kwenye karatasi ya foili. Kwenye uzio wa kambi walikuta watu kama mia moja, wengine juu ya ngazi, wengine na kamera ndefu kama mabomba ya maji. Zile ndege hazikuonekana. Walikaa.

Walikuwa wamekaa pale saa nzima wakati mwanamume mmoja mwenye fulana yenye mifuko mingi alipowasogelea. Watu mia pale, akamchagua Najmo.

"Unatafuta kitu hapa?"

"Ndege," Najmo alijibu. "Na wewe?"

"Nauliza tu. Mahali kama hapa, mtu anataka kujua nani ni nani."

"Mimi ndiye mwenye kilemba," Kuldip aliingilia kutoka kitini, kwa Kiingereza chake cha Longbridge. "Ukitaka kumshuku mtu, foleni inaanzia kwangu."

Najmo hakucheka. Alimtazama yule mtu mpaka yeye mwenyewe akayahamisha macho. Kisha akasogea hatua moja mbele, akashika waya wa uzio kwa vidole vya mikono miwili, na pale aliposimama hakuondoka tena, hata mvua nyepesi ilipopita, hata Mzee alipomsihi aje anywe chai.

Saa tisa alasiri watu wa kwenye ngazi walianza kupiga kelele. Ilikuwa inakuja kutua. Kwanza ilikuwa mstari tu, mwembamba kama wa kalamu, juu ya mashamba. Halafu mstari ukanenepa. Najmo alikumbuka ng'ombe wa Jamaame, akakaza mikono kwenye waya. Hakuinama. Aliikazia macho iliposhuka, akaitazama ncha za mabawa.

"Mzee!" alipiga kelele. "Mzee, imefungua zote mbili!"

"Zote mbili nini?"

"Vibao! Kulia na kushoto, vyote viko wazi! Imekuja navyo wazi!"

Ndege ilipita mbele yao, ikagusa lami, ikaenda zake. Najmo alikuwa ameshageuka, anatafuta kalamu kwenye mkoba. Miaka miwili alikuwa akivifunga vibao vyote viwili akitua, ili ndege iwe laini, halafu akifungua kimoja pale inapoyumba. Na kibao kilichofungwa kinachukua muda kufunguka mpaka kikamate hewa. Hawa walikuja navyo wazi tayari, nusu nusu, vimeshauma hewa pande zote mbili. Kuipinda ndege ni kuzidisha huku na kupunguza kule, papo hapo. Alichora nyuma ya bahasha ya benki, Kuldip amemshikia mwavuli.

"Miaka miwili," Mzee alisema. "Na ilikuwa hapo inaning'inia kama nguo kwenye kamba."

Njia nzima ya kurudi alizungumza Najmo.

Aliipanga upya rimoti: swichi moja, na vibao vyote viwili vinafunguka nusu. Jumatatu jioni na Jumanne jioni baada ya kazi walikuwa malishoni wao wawili na ng'ombe wa mkulima. Alitua mara kumi na moja. Mara ya nne aliivunja gurudumu la mbele kwa kosa lake mwenyewe. Nyingine zote ndege ilishuka ikielekea pale alipoielekeza, pua imetulia.

Siku ya wageni ilikuwa Jumamosi ya katikati ya Septemba. Barua ilikuwa bado haijaandikwa. Najmo alifika saa tatu asubuhi, mabawa nyuma ya gari, kipande cha katikati kwenye kiti cha mbele. Aliiunganisha kwenye nyasi mbele ya watu wote bila kuharakisha, kisha akaibeba mpaka meza ya ukaguzi.

Kanuni ya klabu ilikuwa wazi na Najmo alikuwa nayo mkononi, amepigia mstari. Siku ya wageni kila ndege inakaguliwa na wakaguzi wawili. Anayeikataa anaandika sababu kwenye daftari na kutia sahihi. Klabu ilikuwa na wakaguzi wawili tu: Graham Tolley, na Kuldip, aliyekalia kazi hiyo toka mwaka 2009.

Mzee aliikagua kama asiyemfahamu mwenye ndege. Alivuta kila waya, akapima betri, akatingisha mabawa, akamwamuru Najmo afungue vibao mara sita. Akatia sahihi. Akamsukumia Graham daftari.

Graham alikuwa mwekundu shingoni. "Tuliongea, Najmo."

"Tuliongea. Niliomba barua."

"Sikutaka kukuaibisha kwa barua."

"Haya, sasa kuna daftari." Najmo alimpa kalamu. "Kama ni kutua, nitatua mbele yako sasa hivi, kabla ya wageni, mara tano ukitaka. Kama si kutua, andika ni nini. Andika ile sentensi ya huyo mtu aliyewaandikia. Mtu kama nani. Iandike, utie jina lako chini."

Wanachama walikuwa wamesogea. Graham alishika kalamu. Aliiweka juu ya karatasi, na pale kwenye safu ya sababu kikatokea kidoa cha wino, basi. Kisha, labda apate la kufanya, akainama kuitazama ndege upande wa chini, akaliona jina.

"Hii ni nini? Najmo, hapa hatutaki siasa."

"Ni jina la mtu. Na wewe Lancaster yako imeandikwa Ron."

"Ron ni ami yangu. Hakurudi kutoka Ujerumani. Alikuwa na miaka ishirini na moja." Graham aliligusa lile jina kwa ncha ya kidole. Alijaribu kulisoma, akakosea, Najmo akamsahihisha. "Huyu naye alikuwa rubani?"

"Hapana," Najmo alisema. "Alikuwa mchunga ng'ombe. Alikuwa chini."

Mtu mmoja nyuma alikohoa. Graham alifunga daftari bila kuandika sababu na bila kutia sahihi, akalirudisha mezani, akakwepa macho ya kila mtu.

"Dakika saba," alisema. "Ukivuka ile mistari ya miti, unateremsha."

Kwa kanuni ilikuwa na sahihi moja tu. Kwa kanuni hiyo hiyo hakuna aliyeikataa. Najmo aliibeba ndege yake mpaka njia ya kurukia.

Alikuwa wa nne kwenye orodha. Wageni walikuwa kama mia mbili, wamekaa nyuma ya kamba na vikombe vyao. Upepo ulitoka ubavuni, mbaya kidogo kuliko wa Jumanne. Alivuta pumzi, akasema bismillahi, akasukuma. Feni zililia, ile nyeusi ikakimbia juu ya nyasi fupi, ikanyanyuka.

Aliipandisha, akaipinda juu ya miti bila kuivuka, akairudisha. Ilipopita mbele ya watu aliilaza ubavu, tumbo likawaelekea, na jina likasomeka kutoka mwisho wa kamba hadi mwisho. Alisikia mama mmoja akilitamka kwa mwanawe, silabi moja moja. Alipita tena. Akapita mara ya tatu, chini zaidi, maana alikuwa na dakika saba na alikusudia kuzitumia zote.

Dakika ya sita akabonyeza swichi. Vibao vikafunguka. Ndege ikapunguza mwendo, upepo ukaipiga ubavuni, pua ikatikisika mara moja tu, na Najmo akairudisha kwa kidole gumba kabla watu hawajashtuka. Iligusa nyasi, ikadunda kidogo, ikakimbia, ikasimama.

Wengi walipiga makofi. Si wote. Mwanachama mmoja mzee alikunja meza yake pale pale, akapakia vitu, akaondoka, na watu wakakisia kimya kimya nani aliyeiandikia kamati ile barua ya malalamiko. Graham alikuja mpaka pale Najmo alipopiga magoti akichomoa betri.

"Unafungua ncha zote mbili."

"Kama ile halisi."

"Kwa nini sikulifikiria hilo," Graham alisema, na alikuwa anamaanisha. Alikaa kidogo akiangalia vibao. Kisha akaenda kuandaa Lancaster yake, na saa sita ikapita juu ya malisho ikidondosha mifuko ya unga kama kila mwaka, watoto wakishangilia. Najmo aliitazama mpaka mwisho, mikono imefungwa kifuani.

Siku mbili baadaye simu ililia, Mubarik. Mtu alikuwa amemwonyesha video.

"Hukuandika jina la baba yake," alisema bila salamu.

"Nafasi haikutosha."

"Bawa la mita mbili na nusu?"

Najmo alifikiri. "Nitaliongeza."

"Sijasema nimekubali."

"Sijakuomba ukubali, kaka."

Mubarik alivuta pumzi ndefu kwenye simu. Halafu akamuuliza kama ana mpango wa kuja Ijumaa kula, au atawaacha wamalize mbuzi peke yao. Gereji hakuwahi kuingia, si mwaka ule.

Mkutano mkuu wa klabu ulifanyika Novemba kwenye ukumbi mdogo wa kanisa. Kulikuwa na hoja ya kupiga marufuku ndege za kivita za zama hizi; ilishindwa kwa kura kumi na saba dhidi ya kumi na nne. Kuldip akatangaza kwamba mguu umechoka kusimama siku nzima na anaacha ukaguzi. Najmo alisimama kabla mzee hajaketi, akasema anagombea nafasi hiyo. Kulikuwa na mnong'ono. Mtu mwingine akasukumwa na wenzake agombee pia, mtu aliyejiunga mwaka juzi, na kura zilipohesabiwa Najmo alishindwa kwa kura tatu.

Hakutoka. Alibaki akipandanisha viti na kuvipanga ukutani pamoja na wale waliomnyima kura, hijabu imefungwa nyuma ya shingo isimsumbue. Graham alikuwa upande wa pili wa meza ndefu, wakaibeba wote wawili mpaka stoo.

"Mwakani nitagombea tena," Najmo alimwambia walipoitua.

"Nilijua utasema hivyo."

"Na usidhani nitagombea ukaguzi tu," Najmo alisema, akarudi ukumbini kuchukua viti vilivyobaki.